Kitambaa cheusi: kuchagua Kariakoo, kukata, kushona na kukitunza kisipauke

Pindo la Chini (mleta mada)

Wakuu, salaam. Nyeusi inashonwa Dar kila siku: baibui, abaya, suti, sketi za ofisini, majoho ya mahafali, nguo za msiba. Ndiyo pia rangi inayomuumbua fundi mchana kweupe, maana kasoro zake hazionekani chini ya taa ya dukani wala mezani. Zinaonekana juani, nguo ikiwa tayari mwilini. Naomba uzi huu tuujaze maelezo ya kazi tupu. Naanza na ununuzi.

Maduka mengi ya vitambaa Mtaa wa Uhuru na vichochoro vya jirani yanawasha taa nyeupe mchana kutwa. Chini ya taa hizo nyeusi zote zinafanana. Mwombe muuzaji akutolee ncha ya jora mpaka mlangoni, uilaze juu ya karatasi nyeupe. Hapo itajionyesha: moja ina wekundu kwa mbali, nyingine ukijani, nyingine ubluu. Viwandani nyeusi mara nyingi ni mchanganyiko. Ile ya pamba huanzia kwenye bluu nzito, kisha inaongezwa rangi ya chungwa na nyekundu kuurekebisha ubluu. Kipimo kikiyumba kidogo, jora moja linaangukia kwenye ubluu na jora la pembeni yake kwenye wekundu, ingawa lebo ni ile ile. Kwa hiyo kitambaa cha nguo moja kinunuliwe chote siku moja, kutoka jora moja. Usikubali kuongezewa nusu mita toka jora jingine.

Pili, chukua kitambaa cheupe cha pamba, kiloweshe kidogo, sugua jora mara kumi sehemu moja. Kikitoka na kivuli cha kijivu, hiyo ni kawaida kwa pamba nyeusi. Kikitoka cheusi, achana na jora hilo, litapaka ngozi na bitana (kitambaa cha ndani ya nguo).

Tatu, inua kitambaa cha jora kwenye mwanga. Ukiona vitundu vya mwanga kati ya nyuzi, nguo itahitaji bitana hata kama dukani kinaonekana kizito.

Nne, kunja ncha ngumini, bana kwa sekunde 10, achia. Mikunjo ikibaki mikali, ujue ndivyo sketi itakavyoonekana mtu akishuka daladala.

---

Binti Temeke

Ahsante mleta mada. Muuzaji akisema "pamba hii dada", nitajuaje? Nyeusi zote naziona poliesta tu.

---

Pindo la Chini

Omba kijipande cha ncha, chomoa nyuzi chache za urefu (mtande) na chache za upana (mshindo), uzichome mbalimbali juu ya sahani ya bati. Zitenganishe kweli, kwa sababu kuna vitambaa ambavyo mtande ni poliesta na mshindo ni pamba.

Pamba inawaka haraka, inanuka karatasi iliyoungua, majivu laini ya kijivu yanayopukutika. Viskosi inafanya hivyo hivyo, ila ukiilowesha inadhoofika na kukatika kirahisi. Pamba ikilowa haidhoofiki. Poliesta inajikunja ikiukimbia moto, inayeyuka, na ikipoa inaacha kidonge kigumu ambacho hakisagiki kwa vidole. Sufu inanuka nywele zilizoungua na mara nyingi inajizima yenyewe. Ukipata majivu yenye punje ngumu ndani yake, ni mchanganyiko.

---

Rangi Haiongopi

Nichangie upande wa rangi, ndio ninaoujua zaidi.

Nyeusi inachuja kuliko rangi nyingine kwa sababu ya wingi wa rangi unaotumika. Kwa rangi ya kati kwenye pamba, kiwanda kinaweza kutumia gramu 20 hadi 40 za rangi kwa kila kilo ya kitambaa. Kwa nyeusi, ni gramu 60 hadi 80. Sehemu ya rangi hiyo haiungani na nyuzi, inabaki juu juu na inatakiwa ioshwe kwa maji ya moto kiwandani kabla kitambaa hakijakauka. Kiwanda kikibania maji na moto, mzigo huo anaubeba mnunuzi.

Sasa lile la chumvi na siki, ambalo wengi wanaamini linazuia nyeusi isichuje. Wakuu, kuloweka pamba nyeusi kwenye chumvi na siki hakufungi rangi. Chumvi ina kazi wakati wa kutia rangi, inaisukuma rangi iingie kwenye nyuzi. Kinachoifunga ni magadi soda, si siki. Siki ni ya rangi zinazotumika kwenye sufu, hariri na nailoni. Kitambaa kikishatoka dukani, kinachosaidia ni kuiondoa ile ya ziada: maji ya moto ya nyuzi joto 60 hivi, sabuni kidogo isiyo kali, loweka dakika 20, suuza, rudia mpaka maji yatoke karibu meupe. Mara tatu kwa kawaida zinatosha. Ukifika mara ya tano na maji bado ni wino, usikiunge na kitambaa cheupe popote kwenye nguo hiyo, hata ukosi.

Jingine la muhimu kwa hali ya hewa yetu. Pamba nzito nyeusi, hasa jinzi na dreli, mara nyingi imetiwa rangi ya salfa. Ni nyeusi nzuri na ya bei nafuu, lakini kitambaa kikikaa miaka stoo yenye joto na unyevunyevu, salfa inageuka taratibu kuwa asidi na kuila pamba. Jora la zamani lipime: shika ncha kwa mikono miwili, vuta ghafla kwa upana na kwa urefu. Likichanika kirahisi, au likipasuka pale kwenye mstari wa kunjo, liache hata wakikupa kwa nusu bei. Hakuna dawa.

---

Mkasi wa Ilala

Umesema vyema mkuu. Hili la siki lingebandikwa kwenye kila duka la vitambaa.

Vipimo vya baibui, kwa wanaouliza kila siku. Namba ya abaya ni urefu kwa inchi kutoka begani mpaka chini: 52, 54, 56, 58, 60. Chukua 56. Hiyo ni sentimita 142. Ongeza 4 za pindo na 2 za mshono wa bega, unapata 148. Mbele na nyuma ni 296, yaani mita 3. Kitambaa chenye upana wa inchi 60 (sentimita 150 hivi) kinatosha kukatia mikono pamoja na kiwiliwili, kwa hiyo mita 3 zinamaliza kazi. Kikiwa cha inchi 45, mikono inakatwa peke yake: ongeza sentimita 65, ukanunue mita 3 na robo tatu. Mtandio ni mita 2 nyingine, na ukatwe toka jora hilo hilo, maana unakaa begani juu ya baibui na tofauti ya weusi itaonekana papo hapo.

Pamba tupu ikilowa inaweza kurudi kwa asilimia 3 hadi 5. Kwenye mita 3 hiyo ni sentimita 9 hadi 15. Ifue kabla ya kukata. Krepu ya poliesta hairudi kiasi cha kutisha, ipige mvuke tu.

---

Gaberdini

Kuna kosa limesahaulika hapo mkuu. Ukikunja kitambaa begani ili ukate mbele na nyuma bila mshono wa bega, nyuzi za mbele zinaelekea chini na za nyuma zinaelekea juu. Kwenye krepu isiyong'aa haina shida. Kwenye satini, gaberdini yenye mng'ao, na hasa mahameli, mbele itakuwa nyeusi na nyuma ya kijivu, utadhani ni majora mawili. Vitambaa hivyo vipande vyote vikatwe vikielekea upande mmoja na bega lipate mshono. Ndiyo maana vinakula kitambaa zaidi, ongeza robo mita.

Na pande mbili za kitambaa cheusi zinafanana mno. Kipande kimoja cha sketi kikigeuka, mezani huoni kitu, juani kinang'aa tofauti na wenzake. Amua mapema upi ni wa nje, na kabla hujaondoa karatasi ya patani weka alama ya X kwa kipande cha sabuni upande wa ndani wa kila kipande. Kila kipande, hata kiunga cha mfuko.

---

Binti Temeke

Mahameli unakata manyoya yakielekea juu au chini? Nasikia kila fundi na lake.

---

Gaberdini

Dada, pitisha kiganja. Kikiteleza, unafuata manyoya, kikikwama, unayapinga. Manyoya yakielekea juu weusi unakuwa mzito, umekolea. Yakielekea chini yanang'aa kidogo lakini hayachakai haraka pale pa kukalia. Gauni la sherehe: juu. Sketi ya kuvaliwa mara kwa mara: chini.

Pasi usiilaze juu yake kabisa. Laza mahameli kifudifudi juu ya taulo nene, shikilia pasi ya mvuke sentimita 2 juu, kisha fungua mshono kwa vidole.

---

Mama Bobini

Mimi niseme juu ya macho, kwa sababu fundi anayeshona nyeusi bila kuona anashona kwa kubahatisha.

Mwanga wa taa ya darini unatoka nyuma ya kichwa chako na kivuli chako kinaangukia kwenye sindano. Weka taa ya mezani kushoto, chini, mwanga ukipita mlalo juu ya kitambaa. Mwanga wa mlalo unaonyesha matuta ya uzi, na kwenye nyeusi matuta ndiyo yanayoonekana, rangi haikusaidii. Tandika shuka jeupe mezani. Bandika karatasi nyeupe kwenye bapa la cherehani, pembeni ya guu, na chora juu yake mstari wa sentimita 1.5 kutoka kwenye sindano. Macho yafuate ukingo wa kitambaa kwenye mstari ule, yasihangaike na sindano.

Alama: kipande cha sabuni kilichokonda, kikinolewa kwa kisu, ndicho bora. Kinaandika laini na kinatoka kwa mvuke. Chaki nyeupe ya unga inafaa. Chaki ya nta iogopeni kwenye krepu na satini, ikipata joto inayeyuka na kuacha doa la mafuta. Chaki ya rangi nayo ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha pembeni.

Sehemu ngumu, yaani kwapa, ukosi na zipu, piga bandi (mshono wa muda wa mkono) kwa uzi mweupe wa pamba. Unauona vizuri na unakatika kirahisi ukiutoa. Ila bandi ipite milimita 2 ndani ya akiba ya mshono (ukingo unaobaki nje ya mshono), isikae pale pale cherehani itakapopita, la sivyo sindano inaung'ang'aniza uzi mweupe na vinyweleo vyake vinachungulia nje. Kuvitoa kwenye krepu nyeusi ni kazi ya kibano na saa nzima.

Na kabla ya kuanza, safisha cherehani. Fungua bapa, piga brashi kwenye meno na kwenye nyumba ya bobini. Vumbi la kitambaa cheupe ulichoshona jana litapanda lote kwenye hicho cheusi. Mafuta ya cherehani nayo: doa lake halionekani mara moja kwenye nyeusi, ila baadaye linashika vumbi na kuwa duara la kijivu. Ukishatia mafuta, shona kwanza kwenye matambara mpaka sindano itoke kavu.

---

Mkasi wa Ilala

Sindano na uzi, kwa kifupi:

Shifoni na krepu nyepesi, sindano 65/9 au 70/10, hatua (urefu wa kila pigo la sindano) ya milimita 2. Poplini na krepu nzito 80/12, hatua 2.5. Gaberdini na kitambaa cha suti 90/14. Jinzi 100/16. Jezi na vitambaa vya kuvutika, 75/11 yenye ncha ya mviringo, vinginevyo mshono unaruka.

Kwenye satini sindano butu inavuta uzi mmoja mlalo na kuacha mstari unaong'aa, hautoki. Badilisha sindano kila nguo, bei yake haifikii hasara hiyo.

Uzi wa poliesta 40/2 unatosha kwa vingi. Tatizo ni weusi wa uzi wenyewe: zipo nyeusi za bluu na nyeusi za kahawia. Chomoa nusu mita, ulaze juu ya kitambaa nje juani. Kuutazama ukiwa umevingirishwa hakusaidii, uzi mwingi pamoja unaonekana mweusi kuliko uzi mmoja.

Shifoni ikijikunja kwenye mshono, legeza uzi wa juu kidogo, kisha shika kitambaa mbele na nyuma ya guu bila kukivuta. Ikiwa bado inajikunja, weka karatasi nyembamba chini, shona, ichane.

---

Rangi Haiongopi

Nyongeza kwenye uzi: pamba nyeusi inapauka, uzi wa poliesta haupauki. Baada ya miezi ya kufuliwa, mishono ya juu ya urembo inabaki myeusi kwenye nguo ya kijivu na kila mpindo unajionyesha. Kwa pamba, punguza mishono ya juu, pinda kwa mkono au kwa mshono wa kujificha.

---

Kijana wa Sinza

Wakuu mimi nina koti jeusi la suti, nataka suruali ya kufanana nalo. Nimezunguka majora kama ishirini, jioni yote naona sawa, asubuhi hakuna linalofanana. Kuna mbinu?

---

Gaberdini

Kijana, nenda na koti lenyewe, saa nne asubuhi mpaka saa tisa, ulinganishe nje. Vitambaa viwili vinaweza kufanana kabisa chini ya taa na kutofautiana juani, kwa sababu mchanganyiko wa rangi zao si mmoja, na kila mwanga unautoa kivyake. Angalia pia ufumaji. Mistari ya mshazari ya koti na ya suruali iwe na upana mmoja, la sivyo mwanga unarudi tofauti na macho yanasema rangi ni tofauti.

Koti likiwa limeshavaliwa sana hutalipata pacha wake, limekwisha kupauka mabegani. Ushauri wangu wa dhati: acha kutafuta kufanana. Vaa na suruali ya kijivu iliyokolea, iwe wazi kwamba umechagua. Nyeusi mbili zinazokaribiana zinaonekana makosa.

---

Mzee wa Pasi

Nguo nyingi nyeusi zinaharibiwa na pasi, si cherehani. Ule mng'ao kwenye mishono na mifukoni ni nyuzi zilizolazwa. Kwenye sufu unaweza kuziinua: kitambaa chenye unyevu juu, mvuke, kisha brashi. Kwenye poliesta nyuzi zimeyeyuka kidogo, zimeshakuwa bapa, hazirudi.

Piga pasi upande wa ndani. Ukilazimika upande wa nje, weka kitambaa chembamba cha pamba katikati, kiwe cheusi au cha rangi isiyotoa vinyweleo vyeupe. Nukta moja kwenye pasi ni nyuzi joto 110, mbili ni 150, tatu ni 200. Poliesta isizidi nukta mbili, na krepu laini ianze na moja. Kubonyeza na kuinua, usisugue.

Chini ya kila akiba ya mshono ingiza ukanda wa karatasi ya kaki, ndipo ubonyeze. Bila karatasi, ukingo wa akiba unajichapa upande wa nje kama reli mbili pembeni ya mshono, na kwenye nyeusi reli hizo zinang'aa.

Kitambaa cha gundi cha kubandika kwa pasi kiwe cheusi. Cheupe kinachungulia kwenye matundu ya vifungo na kwenye kingo za ukosi. Kwanza jaribu kwenye kipande: bonyeza sekunde 10 hadi 12, kiache kipoe, kitazame juani. Ukiona nukta za gundi upande wa nje, ni kizito mno kwa kitambaa hicho. Kwa krepu nyepesi, tumia kipande cha krepu hiyo hiyo ndani ya shingo bila gundi.

---

Binti Temeke

Na mshono wa shifoni nyeusi unaoonekana kwa ndani? Ovaloki naona inachafua.

---

Mama Bobini

Shona mara mbili, mwanangu, akiba ijifiche ndani. Laza vipande upande wa ndani kwa wa ndani, pande za nje zikutazame. Shona sentimita 0.9 kutoka ukingoni. Punguza akiba mpaka sentimita 0.3, na hapa usiache hata kinyweleo, ndicho kitakachochomoza. Geuza, piga pasi, shona tena sentimita 0.6. Jumla ni 1.5 ile ile ya patani. Kwenye mzunguko wa kwapa haikai vizuri, pale tumia ovaloki ya nyuzi tatu, zote nyeusi.

Kabla ya kupinda chini, baibui au sketi ya kloshi itundike usiku kucha. Sehemu zilizokatwa mshazari zinashuka. Asubuhi pima kutoka sakafuni kwa rula, weka alama ya sabuni, kata usawa, ndipo upinde.

---

Kijana wa Sinza

Shukrani Gaberdini, nimekuelewa. Na nguo ikishapauka, zile rangi za unga za sokoni zinafaa?

---

Rangi Haiongopi

Inategemea nyuzi. Pamba na viskosi zinapokea, kwa masharti: ioshwe kwanza, ichemke na kugeuzwa muda wote, na rangi iwe karibu mara mbili ya ile ambayo ungeweka kwa rangi nyingine, vinginevyo unapata kijivu. Mishono ya poliesta haitashika, itabaki na rangi yake ya awali. Nguo ya poliesta tupu msijisumbue. Rangi yake inaingia kwenye mashine yenye mgandamizo, joto 130, na sufuria ya nyumbani haifiki huko.

Kuzuia ni rahisi kuliko kurudisha. Geuza nguo ndani nje, fua kwa maji baridi, anika kivulini. Dawa ya klorini kama Jik isikaribie, inageuza pamba nyeusi kuwa ya kahawia na hakuna kurudi. Sabuni za unga zinazotangazwa kung'arisha nyeupe zina vitu vinavyobaki kwenye nyuzi na kurudisha mwanga wa bluu juani; kwa nyeusi tumia ya maji isiyo navyo. Kwa jasho letu la Februari, shonea vikinga jasho vya pamba kwapani, viwe vya kutolewa, vifuliwe peke yake. Chumvi ya jasho ndiyo inayoacha ule mduara mweupe. Suuza sehemu hiyo kwa maji matupu siku hiyo hiyo, kabla haijakauka.

---

Pindo la Chini

Nimebakiwa na zipu ya kuficha. Kwa gauni la kawaida chukua ya inchi 22, na weusi wa utepe wake uupime juani kama kitambaa. Fungua zipu, pitisha pasi ya nukta moja upande wa ndani ili meno yasimame. Ni nailoni, joto likizidi yanayeyuka. Piga bandi kwa uzi mweupe pande zote mbili, funga zipu na uhakikishe mshono wa kiuno umekutana kabla ya kupitisha cherehani. Ukikosea baada ya hapo, kufumua uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi kunakata nyuzi za kitambaa chenyewe. Ikikulazimu, ingiza karatasi nyeupe kati ya tabaka mbili, kata kila hatua ya tatu upande wa bobini, kisha vuta uzi wa juu utoke wote.

Mwenye uzoefu wa lesi nyeusi juu ya bitana ya rangi ya ngozi aendelee hapa chini.